Safari ya Maneno: Asili ya Kilatini katika Lugha za Ulaya na Mafunzo Yake kwa Etimolojia ya Kiswahili



1. Utangulizi

Katika Kiswahili tunalo neno 'meza' lenye sura mbili. Kuna nomino 'meza', yaani chombo tunachowekea vitabu na vyakula, na kuna kitenzi 'meza', yaani kupitisha kitu kooni. Mtu asiye na hadhari anaweza kusema kwamba chombo hicho kilipewa jina hilo kwa sababu watu huketi mbele yake wakimeza chakula. Maelezo hayo yanavutia na yanakumbukika kwa urahisi, lakini si ya kweli. Kitenzi ni cha Kibantu, na ndugu zake wanaonekana waziwazi katika lugha jirani: Waganda na Wanyarwanda husema 'kumira'. Nomino ililetwa pwani na Wareno, ambao huita chombo hicho 'mesa', nao waliirithi kutoka katika Kilatini 'mensa'. Maneno hayo mawili yamekutana katika Kiswahili kama abiria wawili waliokutana bandarini, kila mmoja akiwa ametoka kwao.

Swali linalotukabili ni hili: tunajuaje? Kwa nini maelezo ya pili tuyaite elimu, na yale ya kwanza tuyaite hadithi? Madhumuni ya mhadhara huu ni kulijibu swali hilo kwa kutumia historia ya maneno yenye asili ya Kilatini katika lugha za Ulaya. Nimeichagua historia hiyo kwa sababu moja kubwa. Katika familia nyingi za lugha, lugha mame haikuandikwa, na hatuna budi kuiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizo hai. Ndivyo tulivyo sisi wa lugha za Kibantu. Lakini kwa upande wa Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano na Kiromania, mzazi yupo maktabani. Hivyo tunaweza kupima mbinu zetu dhidi ya ushahidi ulioandikwa.

Nina sababu nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Yapo madai mawili yanayosikika mara kwa mara katika mijadala ya Kiswahili. La kwanza husema kwamba maana ya kweli ya neno ni ile iliyokuwa nayo mwanzoni. La pili husema kwamba lugha iliyojaa maneno ya kukopa haina nasaba yake yenyewe. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya Kilatini inayapinga madai yote mawili.

2. Kilatini kilichozaa lugha

Kilatini kilianza kama lugha ya Latium, eneo dogo lililozunguka mji wa Roma, kikaenea pamoja na majeshi, wafanyabiashara na walowezi wa dola hiyo. Tukitaja Kilatini, aghalabu tunafikiria lugha ya Cicero na Virgil. Lakini lugha za leo hazikuzaliwa na vitabu hivyo. Zilizaliwa na usemi wa sokoni, kambini na mashambani, na maneno yenyewe yanatoa ushahidi.

Mwandishi wa Kilatini fasaha alimwita farasi 'equus'. Watu wa kawaida walitumia 'caballus', neno la farasi wa kazi asiye na hadhi. Ni 'caballus' lililoshinda: Kifaransa 'cheval', Kihispania 'caballo', Kireno 'cavalo', Kiitaliano 'cavallo', Kiromania 'cal'. Sikio liliitwa 'auris', lakini watu walipenda umbo la udogo 'auricula', wakalifupisha kuwa 'oricla'. Walimu wa sarufi wa zama za mwisho za dola waliorodhesha 'oricla' miongoni mwa makosa ya kuepukwa. Kosa hilo ndilo lililozaa 'oreille' ya Kifaransa, 'oreja' ya Kihispania, 'orelha' ya Kireno, 'orecchio' ya Kiitaliano na 'ureche' ya Kiromania. Hapa wapo walimu wa lugha wengi, nami ni mmoja wao. Tukumbuke kwamba kosa la darasani leo laweza kuwa sarufi ya wajukuu.

Hata kichwa hakikunusurika. Neno la Kilatini ni 'caput', lakini palikuwa na 'testa', yaani chungu au kigae, ambalo watu walilitumia kwa mzaha kumaanisha kichwa. Mzaha ukazoeleka, ukaacha kuwa mzaha, na leo Mfaransa husema 'tête' na Mwitaliano husema 'testa' pasipo kufikiria chungu chochote. 'Caput' nalo halikufa. Kwa Wafaransa lilibaki kama 'chef', kiongozi, na kutoka katika ukoo wake tunapata majina ya mji mkuu, ya mtaji na ya sura ya kitabu katika lugha nyingi za Ulaya. Cheo cha kapteni tulichokipokea katika Kiswahili kimetokana na 'caput' hilohilo.

Mabadiliko haya yalikwenda polepole mno hata hakuna kizazi kilichohisi kwamba kimeacha kusema Kilatini. Lakini mwaka 813 mkutano wa maaskofu uliofanyika Tours uliagiza mahubiri yatolewe katika lugha ya watu, iwe ya Kirumi ya mashambani au ya Kijerumani, ili waumini waelewe. Mwaka 842, katika viapo vya Strasbourg, lugha hiyo ya Kirumi iliandikwa kama lugha inayojitegemea. Mtoto alikuwa ameshapewa jina lake.

3. Kanuni za sauti: mizani ya etimolojia

Wanazuoni wa kale walipenda etimolojia kuliko walivyoweza kuithibitisha. Isidore wa Seville, aliyefariki mwaka 636, aliandika vitabu 20 juu ya asili ya maneno, na mara nyingi mbinu yake ilikuwa ileile ya 'meza' na kumeza: maneno mawili yakifanana, husuka kisa cha kuyaunganisha. Hali ilibadilika baadaye sana. Mwaka 1786 William Jones, akihutubia mjini Calcutta, alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kwa namna isiyoweza kuwa ya bahati. Kuanzia mwaka 1836 Friedrich Diez alichapisha sarufi linganishi ya lugha zilizozaliwa na Kilatini. Tangu hapo kufanana peke yake hakukutosha tena. Kilichotafutwa ni ulinganifu wa sauti unaojirudia.

Tuchukue maneno matatu ya Kilatini yenye mfuatano wa sauti 'ct': 'noctem' (usiku), 'octo' (nane) na 'lactem' (maziwa).

Kiitaliano: notte, otto, latte
Kihispania: noche, ocho, leche
Kireno: noite, oito, leite
Kifaransa: nuit, huit, lait
Kiromania: noapte, opt, lapte

Tazameni safu hizo kwa makini. Pale Kilatini kilipokuwa na 'ct', Kiitaliano kina 'tt', Kihispania kina 'ch', Kireno na Kifaransa vina 'it', na Kiromania kina 'pt'. Jambo hilo si la neno moja. Ni kanuni, nayo hujirudia katika maneno mengine ya aina hiyo. Vivyo hivyo, 'ca' ya Kilatini hugeuka kuwa 'ch' katika Kifaransa: 'cantare' likawa 'chanter', 'campus' likawa 'champ', 'carus' likawa 'cher'. Na 'f' ya mwanzo mara nyingi hugeuka 'h' katika Kihispania, kisha ikanyamaza: 'filius' ni 'hijo', 'farina' ni 'harina', 'facere' ni 'hacer'.

Kanuni hizi huunganisha, lakini pia hutenganisha. Neno la Kiingereza 'day' na neno la Kilatini 'dies' yote mawili humaanisha siku, na yanafanana kwa sauti. Hata hivyo hayana undugu. Kitenzi cha Kijerumani 'haben' na cha Kilatini 'habere' vyote humaanisha kuwa na kitu. Navyo havina undugu. Tunajua hivyo kwa sababu sauti 'k' ya Kilatini katika mwanzo wa neno hulingana na 'h' ya Kijerumani na Kiingereza, kama katika 'cornu' na 'horn', au 'caput' na 'Haupt'. Kwa hiyo ndugu halisi wa 'haben' ni 'capere', kushika au kukamata, ingawa kwa macho hawafanani. Katika ukoo wa maneno, sura hudanganya, na kanuni hushuhudia.

Mbinu hizohizo ndizo zilizojenga isimu linganishi ya Kibantu. Carl Meinhof alizitumia katika kitabu chake cha fonolojia ya lugha za Kibantu cha mwaka 1899, Malcolm Guthrie akazipanua katika kazi yake iliyochapishwa kati ya 1967 na 1971, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch wakazielekeza kwa Kiswahili na jamaa zake wa Kisabaki mwaka 1993. Tunaposema kwamba 'meza' ya kumeza ni ya Kibantu, tunasema hivyo kwa mizani hiyo.

4. Maana nayo husafiri

Sauti zina kanuni. Maana haina kanuni ya namna hiyo, ingawa ina mienendo. Kivumishi cha Kilatini 'largus' kilimaanisha '-karimu' au 'tele'. Warithi wake wamegawana urithi kwa namna ya ajabu. Kwa Mfaransa 'large' ni pana. Kwa Mwitaliano na Mreno 'largo' ni pana vilevile. Kwa Mhispania 'largo' ni ndefu. Na kwa Mwingereza, aliyekopa kutoka kwa Wafaransa, 'large' ni kubwa. Mfasiri anayetegemea sura ya neno ataagiza mlango mpana akaletewa mrefu. Vivyo hivyo 'exitus' ya Kilatini ilikuwa ni kutoka, na pia tokeo la jambo. Mwingereza amebaki na mlango wa kutokea, 'exit'. Mwitaliano ana 'esito', matokeo. Na Mhispania ana 'éxito', mafanikio.

Mabadiliko mengine yanabeba historia ya watu. Kutokana na 'capere', kukamata, Warumi walikuwa na 'captivus', mateka. Kihispania kimehifadhi maana hiyo katika 'cautivo'. Lakini Kifaransa 'chétif' ni mtu dhaifu, mnyonge. Na Kiitaliano 'cattivo' ni mbaya, mwovu. Mwelekeo wa Kiitaliano unaelezwa kwa matumizi ya Kikristo, ambamo mwenye dhambi alitajwa kuwa mateka wa shetani. Kwanza mtu alitekwa. Kisha akahurumiwa kwa unyonge wake. Mwishowe akalaumiwa kwa ubaya. Sisi wenye neno 'mtumwa', lililotokana na kitenzi 'tuma' kama lilivyotokana 'mtume', tunaweza kuelewa jinsi shina moja linavyoweza kubeba heshima ya juu na fedheha ya chini kwa tofauti ya irabu na kiambishi tu.

Mfano wa tatu ni wa mkulima. 'Villa' ilikuwa nyumba ya shamba pamoja na ardhi yake, na 'villanus' alikuwa mtu wa shamba hilo. Kwa Wafaransa shamba lilikua likawa mji, 'ville', lakini mkulima hakukua pamoja nalo: 'vilain' ni mtu mbaya au kitu cha kuchukiza. Kwa Waingereza 'villain' ni mhalifu wa hadithi, na kwa Waitaliano 'villano' ni mtu asiye na adabu. Kwa namna iyo hiyo, 'pagus' ilikuwa wilaya ya mashambani. Kutokana nayo Wafaransa wana 'pays', nchi, na 'paysan', mkulima. Na 'paganus', mkaazi wa 'pagus', aligeuka kuwa asiyefuata dini ya Kikristo. Neno hilo limetufikia sisi pia katika umbo la 'mpagani'. Nani aliyeyapa maneno haya maana zake mpya? Si wakulima. Maana zilitungwa na waliokaa mjini na kwenye ngome, ambao ndio waliokuwa na kalamu.

Msidhani kwamba jambo hilo ni la Ulaya peke yake. Tunasema 'mshamba' tukimdharau mtu, ingawa asili yake si zaidi ya mtu wa shamba, yule anayetulisha. Tunasema 'ustaarabu', neno ambalo ndani yake limo jina la Waarabu, tukimaanisha maisha bora ya watu wote. Wafaransa na Waingereza nao wametoa neno lao la maana hiyo katika 'civis', raia wa mji. Kila jamii huweka katika msamiati wake kumbukumbu ya nani alikuwa juu na nani alikuwa chini.

5. Saa sita ya Warumi na saa sita yetu

Warumi waliugawa mchana katika saa 12, wakianza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa hiyo 'hora sexta', saa ya sita, ilikuwa adhuhuri, wakati jua limefika utosini. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi: hiyo ni saa sita mchana kama tunavyoijua. Tofauti ni kwamba saa za Warumi zilirefuka kiangazi na kufupika majira ya baridi, ilhali kwetu, karibu na Ikweta, mchana haubadiliki sana mwaka mzima.

Ulaya iliacha hesabu hiyo, lakini maneno yalibaki. Kutokana na 'sexta' Wahispania wana 'siesta', usingizi au mapumziko ya adhuhuri. Namba sita imefichika ndani yake, na wengi wanaolala usingizi huo hawaijui. Kisa cha 'nona', saa ya tisa, ni cha ajabu zaidi. Ilikuwa wakati wa sala katikati ya alasiri. Katika Enzi za Kati sala hiyo ilisogezwa mapema kidogo kidogo, na jina likasogea nayo, hata Kiingereza 'noon', neno la tisa, likawa jina la saa sita mchana.

Majina ya miezi yana kisa kinachofanana nacho. Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba yamebeba saba, nane, tisa na kumi za Kilatini, ingawa ni mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Sababu ni kwamba kalenda ya kale ya Roma ilianza mwezi Machi. Mwanzo wa mwaka ulihamishwa; majina hayakuhamishwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayedai kwamba 'maana halisi' ya Oktoba ni mwezi wa nane, kisha akafika kazini mwezi Agosti kudai mshahara wa Oktoba.

6. Matabaka ya ukopaji na maneno ndugu

Neno la Kilatini laweza kuingia katika lugha moja zaidi ya mara moja, kwa milango tofauti. Kiingereza ni kielelezo kizuri. Kabla Waanglo na Wasaksoni hawajahamia Uingereza, wazee wao walikuwa wameshakopa kwa Warumi maneno ya biashara na ujenzi: 'wine' kutoka 'vinum', 'cheese' kutoka 'caseus', 'wall' kutoka 'vallum', 'street' kutoka 'strata'. Baada ya ushindi wa Wanormani mwaka 1066 yaliingia maneno kupitia Kifaransa. Baadaye wasomi wakakopa moja kwa moja vitabuni. Ndiyo maana Kiingereza kina 'frail' na 'fragile', yote kutoka 'fragilis', -epesi kuvunjika. La kwanza lilipita midomoni mwa watu kwa karne nyingi, likachakaa. La pili lilitoka kitabuni likiwa bado na mavazi yake yote.

Maneno ndugu ya aina hii yamo pia katika Kiswahili, na mara nyingi hatuyatambui. 'Hospes' kwa Kilatini ni mwenyeji, na pia mgeni. Kutokana nalo likapatikana 'hospitale', mahali pa kupokea wageni. Katika Ufaransa neno hili lilichukua njia mbili, ya watu na ya wasomi, zikazaa 'hôtel' na 'hôpital'. Kwa mkono wa Kiingereza sisi tumepata hoteli, hospitali na hosteli. Ndugu hao watatu wanakaa katika mji mmoja: mmoja hulisha, mmoja hutibu, mmoja hulaza wanafunzi. Kwetu hoteli imepata hata maana yake yenyewe, kwani mara nyingi ni mahali pa kula tu, pasipo kitanda hata kimoja.

Vivyo hivyo kwa 'shule' na 'skuli'. La kwanza tulilipata kwa Wajerumani, la pili kwa Waingereza, na kwa muda mrefu yalitofautisha usemi wa Bara na wa Zanzibar. Yote yanatokana na 'schola' ya Kilatini, ambayo nayo ilitoka kwa Wagiriki, ambao neno lao la awali lilimaanisha wasaa, muda usio wa kazi. Wanafunzi waliopo hapa wana haki ya kucheka.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa karatasi. Wagiriki waliita ukurasa wa mafunjo 'khartes'. Warumi wakalikopa kuwa 'charta'. Waarabu nao wakalipokea kutoka upande wa Wagiriki, wakalifanya 'qirtas', nasi tukalipata kuwa 'karatasi'. Wareno walilirithi kutoka Kilatini kama 'carta', wakatuletea 'karata' za kuchezea. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa kama 'card', tukapata 'kadi'. Na kutoka kwao pia tukapata 'chati'. Kwa hiyo mwalimu anayechora chati kwenye karatasi, akaandika kadi ya mwaliko, kisha jioni akacheza karata, ametumia neno moja mara nne, kwa njia tatu: ya Uarabuni, ya Ureno na ya Uingereza. Ramani ya Bahari ya Hindi na ya ukoloni imo ndani ya shina moja.

7. Gereza

Baadhi ya maneno hayasafiri tu; hubadilishwa na njia yenyewe. Wagiriki waliita mkutano wa raia 'ekklesia'. Wakristo wakalichukua kwa maana ya jumuiya ya waumini, Warumi wakaliandika 'ecclesia', na jengo la ibada likarithi jina: Kifaransa 'église', Kihispania 'iglesia', Kiitaliano 'chiesa', Kireno 'igreja'.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu, Mombasa, ulianza mwaka 1593, na ndani ya kuta zake Wareno walikuwa na kanisa. Kwa mwenyeji aliyetazama kutoka nje, 'igreja' ya Mreno, askari wake na mizinga yake vilikuwa kitu kimoja. Neno likaingia Kiswahili kuwa 'gereza', likimaanisha boma la mawe. Hata leo magofu ya ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza. Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698, na huko Unguja walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ngome zilitumiwa kufungia watu. Ngome ya Yesu yenyewe ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni ya Uingereza tangu 1895 hadi 1958. Hivyo mkutano wa raia huru wa Ugiriki umeishia, katika Kiswahili, kuwa nyumba ya wafungwa.

Hakuna kamusi ya Ulaya inayoweza kutueleza hatua hiyo ya mwisho. Kilatini kinatupeleka mpaka 'igreja'. Kuanzia hapo ni historia ya pwani yetu ndiyo inayosema. Na tusidhani kila neno la Kireno ni la Kilatini. 'Nanasi' Wareno walilitoa kwa watu wa Brazili, na 'bendera' shina lake ni la Kigermaniki. Mkopeshaji wetu naye alikuwa mkopaji.

8. Mafunzo

Kutokana na haya napenda kusisitiza mambo matatu.

Kwanza, asili ya neno si hakimu wa maana yake. Etimolojia hutuambia neno limetoka wapi; matumizi ya wasemaji hutuambia liko wapi. Anayedai kwamba gereza 'kwa kweli' ni kanisa amechanganya cheti cha kuzaliwa na anwani ya makazi. Hadhari hii inahusu pia visa vinavyopendwa. Ni kweli kwamba 'salarium', mshahara, limetokana na 'sal', chumvi. Lakini kisa kwamba askari wa Roma walilipwa chumvi badala ya fedha hakina matini ya kale inayokitaja waziwazi. Shina limethibitishwa, kisa hakijathibitishwa.

Pili, msamiati wa kukopa hauondoi nasaba. Zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi kubwa za Kiingereza yametoka katika Kilatini na Kifaransa, lakini Kiingereza ni lugha ya Kigermaniki kwa viwakilishi vyake, vitenzi vyake vya msingi na sarufi yake. Kiromania kilikopa kwa majirani Waslavi hata neno la kukubali, 'da', na kitenzi cha kupenda, 'iubi', nacho ni mtoto halali wa Kilatini. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 kiliacha rasmi hati ya Kisirili kikachukua ya Kirumi, na wasomi wake wakaongeza maneno mengi ya Kilatini na Kifaransa. Hata hivyo Waromania hawakuacha kupendana kwa neno la Kislavi. Basi kwa nini Kiswahili kihukumiwe kwa sheria nyingine? Neno 'kitabu' ni la Kiarabu, lakini Waarabu hawasemi 'vitabu'. Kiswahili kilipoisikia 'ki' ya mwanzo, ambayo kwa Mwarabu ni sehemu ya shina, kilitambua ngeli yake na kuipa wingi. Kilifanya 'gereza' kuwa 'magereza'. Sentensi 'vitabu vizuri vilisomwa' imefungwa pamoja na upatanisho wa kisarufi ambao hakuna Mwarabu aliyetufundisha. Mgeni ameingia nyumbani, amevaa nguo za nyumbani, na anafuata amri za nyumbani.

Tatu, katika kuunda istilahi, hakuna njia moja iliyo takatifu. Mwaka 1955 tawi la Ufaransa la kampuni ya IBM lilitafuta jina la mashine mpya, na Jacques Perret, mtaalamu wa Kilatini, akapendekeza 'ordinateur', kutokana na 'ordo', mpangilio. Kiingereza kilitumia 'computer', kutokana na 'computare', kuhesabu. Uhispania husema 'ordenador', Amerika ya Kilatini aghalabu 'computadora', na Waitaliano wamechukua neno la Kiingereza lilivyo, ijapokuwa Kilatini ni cha babu zao. Sisi tuna 'kompyuta' na 'tarakilishi'. Mjadala wetu ni wa kawaida kabisa duniani. Utaamuliwa na wasemaji, na kazi ya mwanaisimu ni kuwapa ushahidi, si kuwapa aibu.

9. Hitimisho

Tumefuata maneno machache kutoka Latium hadi pwani ya Afrika Mashariki. Tumeona kwamba sauti hubadilika kwa kanuni, maana hubadilika kwa historia, na sarufi ya mpokeaji ndiyo inayompa mgeni uraia. Kazi iliyobaki ni kubwa. Kamusi zetu nyingi hutosheka kuandika kwamba neno ni la Kiarabu, la Kireno au la Kiingereza, kana kwamba huko ndiko safari ilikoanzia na kwamba hapa kwetu halikutokea jambo lolote. Kamusi kamili ya etimolojia ya Kiswahili itapaswa kutaja njia yote: shina, milango liliyopita, umbo na maana katika kila kituo, na hasa yale yaliyolipata baada ya kutua, huko Kilwa, Mombasa, Unguja na bara. Inahitaji vijana wanaojua sauti za Kibantu, wanaoweza kusoma Kiarabu na Kireno, na wasioogopa Kilatini. Naamini baadhi yao wameketi katika ukumbi huu.